Kahonzi na Waganga Watatu wa Hesbon

Kahonzi wa Masha wa Kombe, wa Vitengeni. Tuanze na Kombe, maana mtu haoti peke yake kama uyoga. Kombe ndiye aliyekataa kubebeshwa mizigo ya serikali ya wazungu, akachapwa viboko mbele ya wakeze, akainuka, akajipangusa vumbi, akamwuliza aliyemchapa kama amechoka. Masha, mwanawe, ndiye aliyechimba kisima kwenye mwamba uliokuwa umewashinda mafundi wa serikali, na maji yake yanatekwa mpaka leo, hata na wale waliomsengenya binti yake. Na binti huyo, Kahonzi, ndiye aliyewakuta wezi wa vigango wakimng'oa baba mkwe wake ardhini ili wakauze ule mti wake wa ukumbusho kwa wageni. Akawaendea peke yake na jembe, na gari lao likaondoka mlango mmoja ukipepea. Ndiye pia aliyefiwa na mume, akakalishwa mkekani, akaambiwa kwamba atakayemrithi ni Dzombo, mdogo wa marehemu. Akamtazama Dzombo kutoka utosini hadi kwenye kandambili, kisha akasema mbele ya wazee wote, "Huyu? Huyu hata mbuzi wake mwenyewe humpiga pembe."

Wazee walicheka. Dzombo hakucheka, na Kahonzi hakumbuki kumwona akicheka tangu siku hiyo.

Hayo yajulikane kwanza, ndipo ugonjwa wa Hesbon ueleweke ulivyokuja kumwangukia mtu ambaye hakuwa mgonjwa.

Hesbon ni mwana wa Dzombo. Alikuwa mwendesha bodaboda mjini Malindi, akikaa mtaa wa Barani chumba kimoja na rafiki yake wa bara, kijana aitwaye Tevin. Mwaka jana Tevin alikufa kwa ajali ya pikipiki kwenye barabara ya Mambrui. Watu wake walikuja wakachukua maiti wakaenda kuzika kwao, naye Hesbon akarudi Vitengeni na begi moja. Kwanza aliacha kula vizuri. Halafu akaacha kulala. Halafu akawa anashinda nyuma ya banda la mbuzi, magoti kifuani, na pikipiki ikipita barabarani huziba masikio na kutetemeka mpaka mlio upotelee mbali. Ukimsemesha, hajibu. Ukimgusa, anapiga ukelele. Damaris, mamake, alilia mpaka kope zikavimba.

Mganga wa kwanza alikuwa mganga hasa, wa ng'ambo ya kilima. Dzombo alimpeleka mwanawe huko na kuku mweusi. Mganga akatikisa kibuyu, akapiga chafya, akatikisa tena, na mbele ya watu waliojaa uwanjani akasema kijana amefungwa. Aliyemfunga ni mwanamke. Nywele zake nyeupe, na moshi wa jiko lake unaonekana kutoka mlangoni kwenu. Jina hakutaja. Waganga wa siku hizi wanaijua sheria kuliko mawakili. Wala hapakuwa na haja ya jina, kwa kuwa kutoka mlango wa Dzombo unaonekana moshi wa jiko moja tu.

Tangu siku hiyo watoto wa mji ule hawakutumwa tena kwa Kahonzi kuomba kaa la moto. Akipita njiani, wanawake wanakumbuka ghafla kwamba wamesahau kitu nyumbani. Kisha Dzombo akaja mwenyewe, akasimama nje ya ua.

"Shemeji," akasema, "mwachilie mtoto."

"Nimemshika wapi?"

"Wajua."

Kahonzi alikuwa anapukusa mahindi ya mbegu. Akainua viganja vyake juu. "Mikono yangu hii hapa, Dzombo, miwili tu. Hebu niambie mtoto wako yumo katika upi."

"Kejeli zako ndizo zilizokufikisha hapa."

"Mimi sijafika popote. Niko kwangu. Wewe ndiye uliyefika, na umesimama huko kama mtu anayeogopa kudonolewa na kuku."

Sauti ya Dzombo ilipotoka tena ilikuwa ya chini, na hiyo ya chini ndiyo iliyomtia Kahonzi baridi. "Mahindi yakikauka shambani na mwanangu bado yuko nyuma ya lile banda, usiseme hukuambiwa. Vijana nimewazuia. Sina nguvu za kuwazuia siku zote."

Akaenda zake. Kahonzi akaendelea kupukusa, ila punje zilikuwa zinaanguka nje ya ungo.

Habari za wazee waliochinjwa kwa sababu ya nywele zao nyeupe alizijua, na hakuzipata redioni. Alizijua kwa majina na kwa mashamba walimokutwa. Shangazi yake mwenyewe alikimbizwa na wajukuu aliowabeba mgongoni, akafia mjini kwenye nyumba ya watu waliokimbia kwao, akiulizia mbuzi zake. Kwa hiyo asije mtu akasema Kahonzi alikuwa na hofu za bure.

Kabibi, rafiki yake wa tangu usichana, alimletea piko ya kutia nywele weusi kwenye kikopo. "Paka, Kahonzi. Sote tumepaka."

"Nimewaona. Mmekuwa kama masufuria."

"Heri sufuria iliyo hai!"

"Nywele hizi nimezifanyia kazi, Kabibi. Nikizipaka leo, kesho watasema nimejigeuza msichana usiku. Chukua kikopo chako."

"Utakufa na kiburi chako."

"Basi mnizike nacho."

Na tusimpambe Kahonzi kwa huruma ambayo hakuwa nayo. Hakumhurumia Hesbon hata kidogo. Alimchukia. Kila asubuhi alipochungulia na kuona yale magoti nyuma ya banda, alijisemea kwamba kile kijana, mzima wa mikono na miguu, kimekaa pale kinamchimbia kaburi. Alitaka apone, lakini alitaka kama mtu anavyotaka moto wa jirani uzimwe kabla haujafika kwenye makuti yake.

Mganga wa pili alivaa suti. Huyo alikuwa mchungaji wa kanisa moja dogo la mabati kule Barani, na Damaris ndiye aliyemtafuta. Hesbon alinyimwa chakula ili pepo adhoofike. Halafu wanaume wakamlaza sakafuni, huyu mkono, yule mguu, mchungaji akamwinamia sikioni akipaza sauti, "Toka! Sema jina lako! Umefanya nini?" Wanakwaya wanaimba, ngoma zinalia, watu wamejaa mpaka madirishani. Mwisho Hesbon, ambaye hakuwa amesema neno tangu arudi, akafumbua kinywa.

"Nimeua," akasema.

Kanisa zima likalipuka kwa vigelegele. Si yeye, ni pepo ndiye anayesema! Mchungaji akamshika kichwa kwa mikono miwili. "Wewe pepo muuaji, nani amekutuma? Nani? Nani?" Akauliza mpaka jasho likamtiririka, na wale wanaume wakazidi kukandamiza, na Hesbon akasema, "Mayo Kahonzi," yaani Mama Kahonzi.

Damaris alirudi na habari hiyo Vitengeni kabla hata vumbi la safari halijamtoka miguuni. Sasa jina lilikuwa limetajwa, tena kwa kinywa cha mgonjwa. Mtu mmoja alitupa jiwe juu ya paa la Kahonzi mchana kweupe. Likabingirika, likadondoka uani, naye akaliokota akaliweka kwenye mafiga, akapikia. Lakini neno lile la kwanza, lililotangulia jina lake, hakulitilia maanani. Alisikia Kahonzi tu, kama wengine wote.

Hesbon alirudi amekonda kuliko alivyokwenda, na sasa alikuwa anajipiga kichwa ukutani.

Hapo ndipo dada yake, Linet, anayefua mashuka kwenye hoteli moja mjini, alipokuja na ya kwake. Alisikia kuna msichana wa bara, Wanjira, ambaye amesomea ushauri wa watu walioumia nafsi, na shirika lake limemkodia chumba Vitengeni kila siku ya soko. Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya mashine ya kusaga unga. Wanjira alimwita Hesbon na wazazi wake. Akamwita pia huyo aliyetajwa. Kahonzi alikwenda, kwa kuwa asingekwenda wangesema ameogopa.

"Shosho, karibu," Wanjira akasema akitabasamu. "Kaa hapa, karibu na Hesbon."

"Shosho ni huko kwenu. Huku ni hawe, na wewe si mjukuu wangu. Nina jina."

"Sawa, Mama Kahonzi." Tabasamu likapungua. Viti vilikuwa vimepangwa duara, mzee na mtoto magoti karibu yagusane. "Hesbon, hapa hakuna wa kukuhukumu. Mwangalie mama usoni, halafu baba, uwaambie unavyojisikia ndani."

Hesbon akainamia sakafu. Kijana wa kule hamkodolei macho babake, sembuse kumfungulia moyo mbele ya mwanamke aliyemtaja kuwa mchawi. Dzombo akakohoa. "Binti, ndiyo dawa hiyo? Kumfundisha mwanangu utovu wa adabu?"

"Hapana, mzee. Nataka muongee tu. Tuanze kwa kukubaliana kitu kimoja: uchawi haupo."

"Haupo?"

"Haupo, mzee."

"Basi babangu alikufa kwa nini? Kwa kicheko?" Dzombo akasimama. Kiti kikaanguka. "Damaris, inuka. Huyu mtoto amenunuliwa."

Walipotoka, na Linet amemtoa Hesbon nje akapunge hewa, Kahonzi alibaki ameketi, mikono juu ya mkongojo. "Umefanya kazi nzuri, mwanangu. Nilipoingia nilikuwa mchawi. Sasa natoka mchawi aliyemhonga mtu wa bara."

Wanjira aliuma midomo. "Nimekosea," akasema.

"Kosa lako. Shingo yangu."

Ila hakuzoea kuwasikia waliosoma wakisema wamekosea, na neno hilo lilimfuata njia nzima hadi nyumbani, likamkera.

Siku za soko zilizofuata Wanjira alibadilisha mtindo. Akawa anamwona Hesbon peke yake, Linet ndiye anayemleta. Hapakuwa na duara tena. Waliketi wote wawili wakitazama dirisha, ubavu kwa ubavu, kama watu wanaongoja mvua, na mlango umefungwa. Kahonzi aliweka gunia lake nje ya mlango, akaketi juu yake. Nani angemfukuza? Alitaka kujua kinachosemwa humo ndani juu yake. Lakini mashine ilinguruma hata meno yanatikisika, na mara moja dizeli ilipokwisha ikanyamaza, ndani nako wakanyamaza, mpaka ilipowashwa tena. Ndipo alipong'amua kwa nini msichana yule alichagua chumba kibovu namna ile.

Mji ulisema yake. Mganga anatibu uwanjani, kila mtu anaona. Mchungaji anatibu mbele ya waumini. Huyu anafunga mlango, anaficha nini? Na kile kikongwe kinafanya nini pale nje, kama si kulinda?

Hata hivyo Hesbon alianza kula. Akalala. Siku moja alionekana akiwapeleka mbuzi machungani, na pikipiki ilipopita aliushika mti kwa nguvu lakini hakuziba masikio. Kahonzi alipomwona alidhani yamekwisha. Jioni ile ile Kabibi akamletea maneno ya Dzombo aliyoyasema kwenye mnazi, alikokuwa akinywa na wenzake. Amesema hivi: "Mnaona? Ameogopa. Ameanza kumlegeza."

Kahonzi akaketi kizingitini. Kijana akiugua, ni yeye anayemfunga. Kijana akipona, ni yeye anayemfungua. Na siku kijana atakapopata mafua, watakuja. Mahindi yalikuwa yameanza kugeuka rangi.

Siku ya soko alimngoja Wanjira mpaka Hesbon na Linet walipoondoka, akaingia bila hodi.

"Amekuambia nini?"

"Mama, siwezi kusema."

"Ni mimi niliyemroga?"

"Siwezi kusema aliyoyasema."

"Sema hapana tu. Neno moja, mbele ya babake."

"Hata hilo si langu, mama. Ni lake."

Kahonzi alipiga mkongojo sakafuni. "Mganga alisema yasiyokuwapo, mbele ya watu wote. Mchungaji akamkamua kijana kama nguo, naye akalitoa jina langu mbele ya watu wote. Wewe unayajua yaliyopo, na umefunga mdomo! Hebu niambie, wewe uliyesoma: kati yenu watatu nani atakayeniua? Mimi naona ni wewe. Siri yako itanichinja."

Machozi yalimlenga Wanjira. Lakini hakusogea. "Nikiitoa leo, kesho harudi. Hata mwingine hatakuja. Kwa chifu nimekwenda, nimesema uko hatarini, na hilo naruhusiwa. Hesbon nimemwambia vilevile. Kila nikikutana naye namwambia. Kuisema ni yeye, na ni mpaka awe tayari."

"Na mimi niwe tayari lini? Kwa kufa?"

"Hama kwa muda, mama. Nitakutafutia mahali."

"Babangu alichimba kisima hapa. Hama wewe."

Akatema mate nje ya mlango, akaondoka bila kuaga. Njiani hasira zilimchemka, na kilichozichochea zaidi ni kwamba Vitengeni nzima hakumjua mtu mwingine ambaye angebanwa namna ile na asitoe neno. Angependa kumdharau yule msichana. Hakuweza. Na chifu, tuseme ukweli, alikuja, akanywa chai kwa Dzombo, akarudi zake.

Mahindi yakakauka. Vijana watatu wakapita kando ya ua wa Kahonzi, mmoja anaburuza panga juu ya miti ya ua, ta-ta-ta-ta, kutoka mwanzo hadi mwisho, wala hakugeuza uso. Kahonzi aliwajua wote. Wawili wao aliwakata yeye vitovu.

Asubuhi ya pili yake, akiwa anafagia, akasikia hodi. Alikuwa Hesbon, mikono mitupu, macho mekundu.

"Kama umeleta panga, anza na kuni," Kahonzi akasema bila kuacha kufagia.

"Sikuja na panga, Mayo." Akaingia uani, wa kwanza kuingia tangu ile ramli ya mganga. Akaketi chini kwenye vumbi. "Breki za ile pikipiki zilikuwa zimekufa. Nilijua. Tulikuwa tumegombana asubuhi, mimi na Tevin, mambo ya upuuzi, nani alipe taa. Akaniomba pikipiki aende Mambrui. Nikampa funguo. Sikumwambia."

Ufagio ukasimama.

"Nilitaka ashtuke tu. Aanguke kidogo. Halafu sikwenda hata kumzika."

Kahonzi alitafuta huruma ndani yake, akapata kidogo, nayo ilikuwa ngumu kama ukoko. "Na hayo hukuyasema?"

"Nilisema. Kule kanisani. Nilisema nimeua. Wakapiga vigelegele."

"Mimi ukanitaja kwa nini?"

"Walitaka jina, Mayo. Nilikuwa sipumui. Likaja la mtu ninayemwogopa."

"Uniogope mimi kuliko Mungu?"

"Mungu hajawahi kuniteremsha kwenye mkorosho wake kwa mawe."

Kicheko kilimpanda Kahonzi mpaka kooni, akakirudisha. Hakuwa tayari kumpa. "Na huyo Wanjira wako anasemaje?"

"Anasema nisikimbilie. Anasema nikiwaambia watu wote kwa pamoja nitavunjika tena. Nianze na mmoja."

"Ndiyo ukaanza na mimi."

"Kati ya niliowakosea, wewe ndiye uliye hai."

Kahonzi akaegemeza ufagio ukutani. Upande wa pili wa ua moshi wa Damaris ulikuwa umeanza kupanda, na Dzombo alikuwa anasikika akikohoa, akinoa panga lake la shamba.

"Sikiliza," akasema. "Mamake Tevin simjui. Hayo utayapanga na yule msichana, nyuma ya mashine, polepole, hata ikichukua mwaka. Simwingilii. Amekushika vizuri kuliko wale wawili, nami hilo sitamwambia, na wewe usimwambie. Lakini jina langu halikutoka nyuma ya mlango. Ulilitoa mbele za watu, kwa mdomo wako, na mdomo huo ndio utakaolirudisha. Leo. Anza na babako. Si kumwambia Kahonzi hana hatia, hilo hatalisikia. Mwambie habari za breki."

"Atanipiga."

"Atakupiga. Mkono wake wala si mzito, mimi namjua. Akimaliza, mwambie tena. Kisha utakwenda kwa wale watatu waliopita hapa jana, nyumba kwa nyumba, na mamako akiwa nyuma yako anasikia, maana ndiye aliyelipeleka jina langu huko."

Hesbon akasimama. "Twende wote, Mayo."

"Mimi nina uwanja wa kufagia."

"Nikishindwa njiani?"

"Utarudi hapa, utapumua, utakwenda tena. Haya, toka, kabla hajaondoka kwenda shambani."